Fungu la Nne la Mzee Chilumba

Nyie vijana mnaonadi vitu kwa simu siku hizi, sikuja kuwafundisha kubonyeza. Hilo mmeniacha mbali. Mimi nilinadi kwa koo, kwa kengele ya shaba na kwa rungu dogo la mti, miaka mingi, Temeke na Kinondoni, na sauti yangu imebaki kama mnavyoisikia, ya mtu aliyemeza mchanga. Naandika kwa sababu ya swali la mjukuu wangu Neema, aliye kidato cha tatu, na kwa sababu nilipokuwa namjibu niligundua kwamba jambo lenyewe nililijua kwa kukosea.

Alinikuta barazani hapa Mwananyamala, daftari mkononi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Umeshakula?”

“Bado. Babu, mwalimu wa Kiingereza ametaka kila mtu achague neno moja la kila siku, aeleze limetoka wapi. Mie nimechagua ‘a lot’. Si maana yake nyingi?”

“Ndiyo, nyingi.”

“Sasa mbona bibi anasema wewe ulikuwaga unaita loti kabati moja? Kabati moja ni nyingi?”

Nikacheka. Nilikuwa nimelitamka neno hilo pengine mara nyingi kuliko jina la mama yangu, na kidato changu cha nne hakikuwahi kuniuliza limetoka wapi. Nikamtuma chumbani alete kamusi.

Kamusi hiyo ina historia yake. Tuliwahi kunadi vitu vya ofisi moja iliyokuwa inafungwa, na katika loti ya vitabu ikabaki hiyo, kubwa kama tofali la kuchoma, haina jalada, hakuna aliyeitaka. Bosi wangu, Mzee Mwinshehe, Mzaramo wa Temeke na kwa hiyo mtani wangu wa kuzaliwa, akanitwisha kichwani mbele za watu.

“Beba, Mnyamwezi. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe rudi nazo bara hizi kelele za Wazungu.”

Tukaifungua, mie na Neema, miwani yangu puani na kidole chake kwenye mstari. Inasema hivi, kwa ufupi. Hapo kale, watu wa kule walipotaka kugawana kitu bila kugombana, kila mmoja alitia alama yake kwenye kijiti au kibanzi cha mti, vikatiwa ndani ya chombo, vikatikiswa, kikatolewa kimoja. Kibanzi hicho ndicho kilichoitwa ‘lot’. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kibanzi likaenda kwenye fungu alilolipata mtu. Likaenda kwenye kipande cha ardhi kilichogawiwa kwa njia hiyo. Mpaka leo kuna Waingereza na Wamarekani wanaoita kiwanja hivyo. Likaenda kwenye maisha yenyewe, yale mtu aliyopangiwa na Mungu. Likaingia mnadani, kwa vitu vinavyouzwa kwa pamoja. Mwisho kabisa, kwa sababu mafungu huwa ni marundo, likawa na maana ya vingi tu, vingi visivyohesabiwa.

“Kwa hiyo lilianza na kijiti cha mtu mmoja,” Neema akasema, “likaishia kwenye rundo la vitu visivyojulikana vya nani.”

“Andika hivyo hivyo,” nikamwambia.

Akaandika. Mimi nikabaki natazama barabara, kwa sababu alichokisema mtoto yule kwa sentensi moja ndicho nilichomfanyia mwanamke mmoja wa Tandika.

Lakini ngoja kwanza niwaambie kazi ilivyokuwa, msije mkadhani ilikuwa ni kupiga kelele tu. Kelele ni robo ya kazi. Kazi yenyewe ni kupanga loti. Ukiweka vizuri peke yake, vibaya vitakulalia. Ukichanganya vibaya mno na vizuri, watu watakwambia umewawekea chambo, wataondoka. Loti ya kwanza iwe kitu cha kawaida ambacho kila mtu anakihitaji: ndoo, viti viwili, pasi. Watu wazoee kuinua mkono. Kile kilichowaleta usikitoe mapema, wala usikiache mwisho. Kitoe pale unapoona waliosimama nyuma wameanza kusogea mbele. Nami nilijifunza kutazama miguu. Mkono wa mnunuzi hudanganya, anakuna sikio, anajifuta jasho. Mguu hausemi uongo. Anayetaka kitu kweli huwa amekielekezea kidole gumba cha mguu.

Mzee Mwinshehe alikuwa na sheria moja aliyoishika kama sala. Kabla ya kupanga, alikuwa anavizunguka vitu mara mbili. Mzunguko wa kwanza mikono iko mfukoni, mdomo unauliza: hiki kilikuwa cha nani, kinafanya nini, nani anakitumia. Mzunguko wa pili ndipo anashika. “Kitu ukikishika kabla ya kukiuliza,” alisema, “utakijua uzito wake tu.”

Siku moja nilikiuka sheria ile, na malipo yake yakawa kichekesho. Joto lilikuwa kali, nikavua koti nikaliweka juu ya kiti. Kiti kile kilikuwa cha loti ya kumi na nne. Nikanadi kwa mbwembwe, viti vinne na vilivyomo, rungu likagonga. Mnunuzi, bwana mmoja wa Manzese mwenye karakana ya kuchomelea, akalivaa koti papo hapo na akaondoka nalo, funguo zangu za nyumba mfukoni. Nilipomfuata akaniambia, “Mzee Maganga, si umesema na vilivyomo?” Mzee Mwinshehe alicheka mpaka akaketi chini. Akamlipia yule bwana soda, koti likarudi. Kisha akanigeukia, kicheko kimekwisha usoni.

“Leo umeuza koti lako. Omba Mungu siku utakayouza la mwenzio usiwe umechelewa.”

Nikasema amina, nikasahau.

Sasa huyo Mzee Chilumba. Alikuwa Mmakonde, mchonga vinyago, aliyeishi Tandika muda mrefu na mkewe mpaka wote wawili wakatangulia, mke kwanza. Walikuwa na watoto wanne. Mkubwa ni Damiani, mfanyabiashara wa Masasi. Wawili wa katikati walikuwa na kazi zao mikoani. Wa mwisho ni msichana, Anjela, aliyekuwa amebaki na baba. Nyumba ilikuwa ya kupanga, kwa hiyo kilichobaki ni vitu vya ndani na vya uani. Wale watoto hawakutaka mnada, maana waliona ni aibu vitu vya baba kupigiwa kengele. Walitaka wagawane kwa kura. Lakini hawakuaminiana katika kupanga mafungu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Wakaja kwangu. Mzee Mwinshehe alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye niliyejulikana kuwa naweza kupanga mafungu manne ukashindwa kusema lipi limezidi.

Nilifurahi kuitwa. Tena niliringa, nisiwafiche. Siku hiyo nilitokea Buguruni kwenye mnada mwingine, nimechelewa, nikaingia uani nikiwa nimeshakunja mikono ya shati. Ule mzunguko wa kuuliza sikuuzunguka.

Nikapanga. Fungu la kwanza, jokofu na meza. La pili, kitanda cha mninga na godoro. La tatu, cherehani ya marehemu mama na kabati la vyombo. La nne likawa jepesi: baiskeli, viti vya uani, redio. Nikatafuta cha kuongezea. Ukutani, kando ya gogo la kukalia, kulikuwa na kapu la ukindu lililojaa vyuma: tezo mbili, patasi za kila upana, tupa, na nyundo ya mti. Vyombo vya kuchongea. Nikalinyanyua, nikaliona lina uzito wa kutosha, nikalitupia kwenye fungu la nne.

Anjela alikuwa amesimama karibu na lile gogo. Alikuwa na miaka kama thelathini, mwembamba, mikono mipana kuliko mwili wake.

“Baba, samahani,” akaniambia. “Hilo kapu naomba lisiingie kwenye kura.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“La kazi.”

“Kazi ya nani? Mwenye kazi si ndiye tuliyemzika?”

Watu wakacheka kidogo. Walikuwepo majirani, na jirani akicheka mnadi hunenepa. Anjela akainama, halafu akainua tena uso.

“Nachonga na mimi. Kile kikubwa cha mwisho alianza baba, nimemaliza mie.”

Hapo, wanangu, ndipo nilipopaswa kugeuka niwaulize ndugu zake: jamani, mnasemaje, tulitoe hili kapu tuweke kitu kingine? Naamini wangekubali. Damiani hakuwa mtu mbaya. Kulikuwa na kinu, kulikuwa na mabati matatu nyuma ya choo, ningeweza kulijaza fungu kwa pumzi moja. Badala yake nikatoa sauti yangu ya mnadani, ile ya kifuani.

“Mbele ya loti hakuna cha fulani, binti. Ukitaka cha fulani, hiyo si kura tena, hiyo ni posa!”

Uani pote wakaangua kicheko. Nikajisikia mrefu.

Damiani alikuwa ameandika namba kwenye karatasi, lakini upepo ukazipeperusha mara mbili. Anjela akaenda pale kwenye gogo, akaokota vibanzi vinne vya mpingo kwenye takataka za kazi ya baba yake, akavikata alama kwa kisu: mkato mmoja, miwili, mitatu, minne. Akavitia kwenye sufuria, akafunika kwa kanga, akaitikisa mwenyewe. Sikujua wakati ule kwamba natazama neno langu lilipozaliwa. Niliona ni vibanzi tu.

Anjela alitoa mkato mmoja, jokofu. Damiani alitoa mikato minne.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye. Anjela aliona asimwombe kaka yake mbele za majirani waliokwisha kumcheka. Akakodi kirikuu, akapeleka jokofu na meza kwenye chumba alichokipata Mbagala, akapanga kurudi jioni, wakiwa wamebaki wawili, aliombe kapu. Damiani naye alikuwa na basi la alfajiri. Masasi asingeweza kwenda na baiskeli na viti. Akapita mtu wa mkokoteni anayenunua vyuma chakavu, Damiani akampa fungu zima, isipokuwa redio. Alipofika Anjela, ukuta ulikuwa mtupu.

“Dada, si ungesema?” Damiani akamwambia.

“Nilisema,” Anjela akamjibu. “Nilisema mbele ya watu.”

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu. Hakuja kwa shari. Aliamkia, akakaa kwenye ngazi, akakataa chai.

“Baba, nataka nikuulize tu. Nikienda dukani nikanunua tezo, nitaipata?”

“Zipo, mwanangu. Hata leo.”

“Ile ya baba mpini wake ulikuwa na shimo la dole gumba. Hakulichonga. Lilikuja lenyewe, kwa kushikwa. Nilipokuwa najifunza alinipa hiyo, akasema tia dole hapo, mkono utafuata. Mie nimejifunza kwa lile shimo. Hilo nalo lipo dukani?”

Nikavaa viatu.

Tulimtafuta yule wa mkokoteni asubuhi ile yote, tukampata Buguruni, akatuelekeza kwa tajiri anayemkusanyia. Yadi ile ilikuwa na rundo la chuma lililopita kimo cha mtu: nondo, vipande vya injini, miguu ya vitanda. Msimamizi wake alikuwa kijana mpole, kofia ya kushona kichwani.

“Mzee, vitu vya jana viko upande ule. Ila kama unatafuta mipini, usijisumbue. Hapa mti hatupimi. Tunachoma, kinabaki chuma.”

Akatuonyesha jivu. Lilikuwa bado na joto. Anjela alichuchumaa, akalitia mkono, akalikoroga taratibu, akautoa mkono wake mtupu na mweusi. Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

“Baba yangu,” akasema, na sikujua ananiita mimi au anamwita yule mwingine.

Nilimwomba aende nyumbani. Mimi nikageuza ndoo, nikaikalia, nikaanza kuchambua. Nilichambua siku ile mpaka wakafunga, na siku ya pili, na ya tatu. Kila chuma nilikiuliza nikiwa nimeinama: wewe ulikuwa wa nani, unafanya nini. Ule mzunguko wa kwanza nilioruka uani kwa Mzee Chilumba nikauzunguka pale, kwa kuchelewa, mbele ya vijana walioniita Mzee Sumaku. Walikuwa wananitania, “Mzee Sumaku, leo umenasa nini?” Anjela alikuwa ameniambia vyombo vya baba yake vina mikwaruzo mitatu chini ya shingo. Nikapata tezo moja na patasi mbili. Nyingine sikuziona tena.

Nikazipeleka Mbagala kwenye mfuko wa sukari. Chumba cha Anjela kilikuwa kimejaa lile jokofu, hata mlango ulifunguka nusu. Akavipokea vyuma, akavipangusa kwa upindo wa kanga, akaitafuta mikwaruzo kwa kucha. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi tangu Buguruni. Yote yakanitoka isipokuwa machache.

“Mwanangu, ulisema nami nikakusikia. Sikupitiwa. Nilikusikia, nikachagua kuwachekesha watu.”

Akavilaza vyuma sakafuni.

“Kaa hapo,” akasema.

Nikakaa kizingitini. Akatafuta kipande cha mti mgumu, akakichonga kwa patasi isiyo na mpini, akiizungushia kitambaa. Alichonga mpaka jua likafika miguuni kwangu. Akaipachika tezo, akaigonga chini, akaishika. Mkono wake ukateleza. Akaishika tena, ukateleza tena.

“Huu mti haunijui,” akasema. “Wa baba ulichukua miaka. Huu labda kumi. Utakuwepo?”

“Sijui, mwanangu. Umri wangu unauona.”

“Basi uwe unakuja kila mwaka uuangalie. Ukija ndiyo msamaha wenyewe. Sina mwingine.”

Baada ya pale nilipanga loti nyingine nyingi, lakini uani kwa watu niliingia mikono mfukoni. Hili ndilo nililotaka kuwaachia nyie mnaopiga picha rundo zima, mkaliweka kwenye kundi la simu na kuandika chini yake, vyote kwa pamoja, wa kwanza kuja. Njia yenu ni nyepesi, siilaumu; mimi ningeipenda, koo langu lingepona. Lakini picha haiulizwi. Aliyesimama kando ya kitu haonekani kwenye picha, mmemkata ili kabati litokee vizuri. Kabla hamjapiga, zungukeni mara moja. Mkiona mtu hasogei kutoka kwenye kitu fulani, tazameni miguu yake, kisha mumuulize. Na akiwajibu, msimfanyie mzaha. Mzaha wa mwenye rungu hauna mshindani.

Neema alipata alama nzuri kwenye lile zoezi. Mwalimu aliandika pembeni kwamba angependa kujua mfano wa Kiswahili. Neema akaniuliza, nikamwambia sisi tuna fungu: la nyanya sokoni, la urithi, na lile la kukosa. Hakuandika hilo la mwisho, alisema linahuzunisha.

Mwaka huu ni wa saba. Juzi nilikwenda Mbagala, kwa fimbo sasa. Anjela ana kibanda chake mbele ya nyumba, na jokofu amelitoa nje, anahifadhia msasa na nta. Alikuwa kwenye kazi, vibanzi vimemjaa mapajani. Hakusimama. Aliniamkia, akageuza tezo, akanipa upande wa mpini.

“Tia dole.”

Nikapapasa. Mwaka jana palikuwa laini tu. Safari hii niliona pameanza kubonyea, padogo, kama pale mtoto anapobonyeza unga. Nikaingiza dole gumba langu.

Halikuenea. Palikuwa pembamba na pamekaa upande, pamefuata mkono mwingine kabisa.

“Si pako,” akasema Anjela, akacheka, akanipokonya, akaendelea kuchonga.